Betri Niliyoichagua kwa Woga

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili nisiulizwe baadaye. Naogopa kujibu swali darasani, naogopa mbwa, naogopa kupokea simu ya namba nisiyoijua, na kushinda vyote hivyo naogopa betri. Hofu hii ya mwisho sikuzaliwa nayo. Jirani yetu mmoja aliweka simu yake chini ya mto ikiwa inachaji, betri ikafura kama andazi, ikashika moto, na mimi nilikuwa nimesimama dirishani kwao nikingoja nirudishiwe sufuria yetu. Pazia liliungua mara moja, kama karatasi. Hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku hiyo nikiona kitu kinachaji lazima niende nikiguse nione kama kimepata joto. Dada yangu ananiita daktari.

Dada ndiye mwenye droni. Amemaliza chuo, ana leseni ya kurusha ambayo ameifunga kwenye plastiki kama kitambulisho cha marehemu, na kazi yake ni kupiga picha kutoka juu. Anapiga mashamba ya watu kule Mamboleo, anapiga harusi, na siku hizi zaidi anapiga vizimba vya samaki ziwani, maana wenye vizimba wanataka kujua magugu maji yamefika wapi kabla hayajawafunika. Likizo ikifika mimi ndiye msaidizi wake. Naipenda kazi hiyo kwa sababu haina kuongea na watu. Nabeba, nafuta vumbi, nachaji, nagusa kama kuna joto.

Shida ya droni ni tumbo lake dogo. Betri moja inakaa hewani muda wa kupika ugali, halafu inalia inataka kurudi. Dada ana betri tatu. Zikiisha zote na wewe uko ufuoni, ambako soketi hakuna, basi siku yako imekwisha hata kama mwenye kazi amesimama hapo anakutazama. Ndiyo maana mwanzoni mwa likizo hii tulienda Kisumu mjini kutafuta betri kubwa ya kubeba, ile ambayo kazi yake ni kulisha betri nyingine.

Muuzaji alikuwa mzee Mhindi, miwani imening'inia kifuani. Alituwekea mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, nyembamba, inang'aa, inaingia kwenye begi la shule na nafasi ya vitabu inabaki, na ubavuni ilikuwa na namba ndefu yenye sifuri nyingi. Ya pili ilikuwa sanduku la kijivu lenye mpini, zito kama mtungi mdogo wa gesi, na namba yake ilikuwa fupi.

Dada alishika nyembamba. "Hii. Mimi ni mtu wa bodaboda na boti, siwezi kutembea na jiwe."

"Vijana wote wanachukua hiyo," mzee akasema. "Kwa simu, hakuna matata."

Kwa simu. Nililishika neno hilo. Nilizigeuza zote mbili nyuma, pale ambapo huandikwa maneno madogo. Ile namba ndefu ilikuwa ya kupendeza macho tu. Cha kutazamwa ni wati-saa, yaani umeme wote uliomo ndani, na hata betri ya droni nayo imeandikwa wati-saa zake mgongoni, kwa hiyo unaweza kulinganisha kama unavyolinganisha debe na kikombe. Nyembamba ingejaza betri moja ya droni, ya pili ingeachwa njiani. Tena soketi yake ilitoa nguvu ndogo kuliko inayovutwa na chaja yetu, ingezima tu. Ile ya kijivu ingejaza zote tatu, na ingebaki na chakula.

Hiyo ndiyo hesabu. Lakini hapa naandika ukweli: sikuipenda ya kijivu kwa hesabu. Niliipenda kwa sababu kwenye boksi lake walisema seli zake ni za aina isiyoshika moto upesi. Nilikuwa nataka betri isiyoweza kula pazia.

Nikamvuta dada mkono wa sweta.

"Nini?"

Nikanong'ona.

"Sema kwa sauti, hapa si kanisani."

Mzee akaniinamia. "Ee, binti? Sema."

Nikaiambia meza. "Hiyo ni ya simu. Hii inajaza zote tatu. Na haishiki moto."

Mzee akavaa miwani yake ili anione vizuri. "Kila kitu kinashika moto ukikilazimisha," akasema. "Lakini hiyo inachelewa." Kisha akatupa masharti yake: isikae juani, tusizibe mdomo wa feni yake, na betri ya droni iliyotoka kuruka isichomekwe ikiwa moto. Iachwe ipoe yenyewe.

Baba alipoiona nyumbani aliinyanyua kwa mkono mmoja, akaiweka chini, akainyanyua tena. Baba ni mvuvi wa omena, dagaa wa ziwani kwetu. Wanatoka jioni na mataa, wanarudi asubuhi. "Nyinyi mmenunua nanga," akasema. "Mnataka kufunga boti gani?" Tangu hapo jina lake likawa nanga. Droni alishaipa jina zamani, inzi, kwa sababu ya kelele zake. Kila akimwona dada anatoka na begi lake alimwambia, "Peleka inzi wako mbali, atatisha samaki."

Sasa naja kwenye siku yenyewe.

Niliamka asubuhi nikaona ziwa limekuwa shamba. Hivyo ndivyo magugu maji yanavyokuja huku kwetu. Usiku upepo unageuka, na asubuhi pale palipokuwa na maji pana kijani mpaka macho yanachoka, kuna maua ya zambarau na ndege wanatembea juu yake. Boti nyingine zilikuwa zimewahi kurudi, au zilikuwa zimeshukia fuo za mbali. Ya baba haikuwepo. Mama alikuwa Port Victoria kununua samaki. Dada alikuwa ameondoka alfajiri na droni kwenda kazi ya vizimba, na nanga alikuwa ameiacha kwa sababu ya uzito wake. Nyumbani nilikuwa peke yangu simu ilipolia.

Ilikuwa baba. "Tumefungwa," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Propela imejaa magugu, injini imekufa. Tuko wote wanne, tuko sawa. Usimwambie mama yako mpaka—" Simu ikakatika. Nikapiga. Haipatikani. Nikapiga tena, yule mwanamke wa mtandao akaniambia vilevile. Najua simu ya baba, betri yake imechoka, usiku kucha ndiyo wanayomulikia.

Nikampigia dada, akasema anakuja. Halafu nikamtumia baba ujumbe, ingawa nilijua simu imezima: *Baba uko upande gani.* Nikauliza swali ambalo hangeweza kulisoma. Nikatuma na jingine: *Dada anakuja na inzi. Ukimwona mfuate.* Sijui nilikuwa namwandikia nani. Mikono ilihitaji kitu cha kufanya.

Kisha nikaibeba nanga. Kwa mkono haifiki mbali, kwa hiyo niliiweka mgongoni, nikaifunga kwa leso kama mtoto, nikashuka nayo ufuoni. Akina mama wa samaki walikuwa wamesimama kwenye mstari wakitazama kijani. Hawakuwa na samaki wa kuuza.

"Yawa! Huyu mtoto umemzaa lini?" mmoja akauliza.

Nilitazama miguu yangu.

"Msimsumbue," mwingine akajibu kwa niaba yangu. "Baba yake ni stima!"

Wakacheka, wote kwa pamoja, kicheko kikubwa kuliko mzaha wenyewe, halafu kikaisha ghafla na tukarudi kutazama magugu.

Mwenyekiti wa ufuo alikuwa ameshajaribu kuingia na boti. Hakufika popote, propela yake nayo ilikabwa hapo hapo karibu. Alisimama akikamua maji kwenye suruali. "Asubuhi yametulia," akasema. "Lakini mchana upepo wa ziwani ukianza yatasongamana. Boti ikiwa katikati inabanwa kama njugu. Na ndani humo kuna viboko." Wote tulitazama jua lilipofika.

Dada akaja kwa bodaboda, begi jeusi kifuani. Betri mbili alikuwa amezimaliza kwenye vizimba, ya tatu ilikuwa na kidogo. Hakunisalimu. Alirusha.

Kwenye kioo cha rimoti ilikuwa kijani, kijani, kijani, mpaka nikadhani kimeganda. Kisha tukaiona boti, nyembamba kama ganda la kunde, na watu wanne. Mmoja alikuwa na koti la mvua la njano. Nililifua koti hilo Jumamosi.

"Ona hapa," dada akasema. Kidole chake kilifuata kitu juu ya kioo. Kulikuwa na mstari mweusi wa maji, mwembamba, umepindapinda, unaanzia karibu na boti, hatua chache tu upande wa nyuma, unakuja mpaka kwenye mafunjo ya huku kwetu. Njia ilikuwepo. Ila wao wameketi chini na magugu yamesimama kifuani mwao, hawangeweza kuiona hata kidogo.

Betri ikaanza kulia. Dada akairudisha droni, ikatua huku imebakiza pumzi tu. Nilichomoa betri ikanichoma vidole. Zile mbili nyingine zilikuwa zimepigwa na jua ndani ya begi jeusi njia nzima, nazo zilikuwa moto. Nikawasha nanga, nikachomeka chaja, nikaiweka ya kwanza. Taa nyekundu ikapepesa. Ya pili vilevile.

"Nanga yako mbovu!" dada akanipigia kelele. "Nilijua! Nilijua tu!"

"Si mbovu," nikasema. "Ni joto. Zinakataa mpaka zipoe."

"Zipoe saa ngapi?"

Nikazilaza zote tatu juu ya leso. Dada alienda kwa mwenyekiti kumwonyesha picha ya njia. Mimi niliburuta nanga mpaka kivulini, chini ya boti iliyopinduliwa, nikakaa nikitoa mchanga kwenye feni yake, chembe kwa chembe, mpaka kivuli kikasogea. Nilipogeuka, betri zote tatu hazikuwepo pale juu ya leso.

"Betri ziko wapi?" Nadhani ndiyo mara yangu ya kwanza kupaza sauti ufuoni.

"Tulia, nyathina, mtoto wangu." Alikuwa mama mmoja mnene, rafiki wa mama, yule mwenye sanduku kubwa la barafu. Alikuwa amelikalia. Uso wake ulijaa huruma. "Nimesikia zina joto. Nimekuwekea kwa barafu. Sasa hivi zitakuwa baridi kama samaki ngege."

Ufuoni kwetu hiyo ndiyo dawa. Kinachotoka botini na hutaki kiharibike kinalala kwenye barafu: samaki, soda, hata goti la mtoto aliyeanguka. Hakukosea kwa ubaya. Kwa mikono yake hiyo ameokoa samaki maisha yake yote, na betri alikuwa amezifunga vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, asante Mungu. Lakini alipoinua kifuniko, betri zilikuwa katikati ya barafu iliyosagwa, zimefukiwa mpaka shingoni, na mfuko kwa ndani umetoka jasho.

Nikazifuta kwa leso. Nikafuta, nikafuta, nikafuta mdomoni pale penye vyuma, nikapuliza. Kichwani nilikuwa naliona lile pazia. Maji na betri, mimi najua mwisho wake. Nikachomeka moja, nikafumba macho.

Haikuwaka moto. Haikuwaka chochote. Taa nyekundu ilipepesa tena. Kwanza zilikataa kwa joto, sasa zinakataa kwa baridi.

Yule mama aliona uso wangu. "Nimeharibu?"

"Zinataka ujoto kidogo," nikasema. "Kidogo tu. Kama wa mtu."

Tukatazamana. Kisha mimi, ambaye hulala mbali na simu, niliinua sweta nikabana betri moja kwapani kulia, nyingine kwapani kushoto, juu ya ngozi. Baridi ilinifanya nitoe mlio. Ya tatu yule mama aliichukua mwenyewe akaizamisha kifuani. "Hapa ndipo ninapoweka pesa," akasema. "Hapajawahi kupoa."

Mtu aliyetuona huenda alicheka, sijui. Nilisimama mikono nimeibana kama kuku aliyenyeshewa, nazisikia zile betri mbavuni. Kila moyo ulipopiga nilidhani ni betri inayofura. Nilitaka kuzitupa. Nilitaka kuzitupa kabisa, naandika hivi kwa sababu anayesoma hapa hanitazami. Lakini nilikuwa nikitazama kule kwenye kijani, na pale hakukuwa na njano yoyote inayoonekana kwa macho, na hofu moja ilikuwa imeketi juu ya nyingine ikaikalia shingo.

Ile ya kifuani mwa yule mama ilikuwa tayari kwanza. Nikaichomeka. Taa ikawa kijani. Ndani ya nanga feni ikaanza kuimba kama mbu, na sijawahi kusikia kitu kizuri hivyo.

Dada hakungoja ijae. Ilipofika nusu aliichomoa akarusha, mimi nikachomeka ya pili. Hivyo ndivyo tulivyofanya: moja juu, moja inakula, moja inangoja kwapani. Nilikuwa nimepiga magoti kivulini, mkono juu ya nanga, nikisikiliza dada na wanawake waliomzunguka.

"Inzi amefika. Anashuka kwao."

"Mzee ameona?"

"Ameona. Anaipunga. Anaifukuza!"

"Yawa, baba yenu anafukuza inzi!"

"Rudi kwake. Mzunguke."

Dada aliishusha droni karibu na kichwa chake, akaipeleka kwenye ule mstari wa maji, akaisimamisha hapo, akairudisha kwake, akaipeleka tena, kama unavyomwita mbuzi aliyegoma. Wanawake walikuwa wakipiga kelele kama kwamba angesikia. "Mfuate, mzee! Mfuate inzi!" Mwenyekiti naye alisahau cheo chake akawa anapunga mikono.

Kisha kelele zikakatika, nikajua kuna kitu. "Amesimama," dada akasema. "Amesimama anaangalia tu." Akasogeza kioo machoni. "Amechukua upondo. Wanasukuma. Wanasukuma upande wetu!"

Betri ikalia. Ilibidi droni irudi, na hapo ndipo palipokuwa pabaya kuliko pote, kila ilipobidi irudi. Nilikuwa nikiwaza wao wanaiona ikiondoka. Watafikiri tumewaacha. Nilichomoa, nikachomeka, vidole vyangu vilikuwa havinisikii, na dada akaniambia kwa upole ambao haukuwa wake, "Polepole, daktari." Droni ikaenda tena, ikawakuta palepale walipoachwa, nyuso nne zimeinuliwa juu.

Namba kwenye kioo cha nanga ilikuwa inashuka. Sikuthubutu kufikiria ile nyembamba ya dukani, ambayo kufikia hapo ingekuwa imeshakufa. Nilishika nanga. Ilikuwa vuguvugu tu. Nikaishika tena.

Upepo ulianza kwa ncha ya leso. Ilinyanyuka kidogo ikalala, ikanyanyuka tena. Wanawake wote walishika vilemba vyao. Dada akasema njia inaziba nyuma yao, na hakuna aliyemuuliza imebaki kiasi gani mbele. Yule mama wa barafu alikuwa amepiga magoti karibu yangu, betri iliyoisha ameirudisha kifuani aipunguze joto au aiongeze, sidhani alikuwa anajua tena. Midomo yake ilikuwa inaomba.

Betri ya mwisho ilikuwa inalia pale mafunjo yalipotikisika. Kwanza tulidhani ni upepo. Kisha ukatokea upondo, halafu pua ya boti, halafu koti la njano.

Sikukimbia kama wengine. Nilibaki na nanga.

Baba alikuja mwenyewe, polepole, suruali imechanika na miguu imejaa michubuko. Wanawake walimfuata wakimwambia alivyofukuza inzi, naye alikuwa anakubali kila kitu. Alikaa mchangani karibu yangu. Nikamsogezea leso afute miguu. Sisi ndivyo tulivyo. Baadaye akatoa simu mfukoni.

"Nanga bado ina chaji?"

Nikaitazama. "Kidogo."

Nikamchomekea. Simu ikawaka, na ikaanza kuruka juu ya nanga ikitoa mlio baada ya mlio: mama, mama, dada, mama, na mimi. Baba alisoma kila moja, amesogeza simu mbali na macho kama kawaida yake. Nilijua alipofika kwenye zangu kwa sababu kidole chake kilisimama. Nilitazama mchanga. Aliandika kitu kwa kidole kimoja, muda mrefu, huku akipulizia vidole vyake vilivyokufa ganzi.

Kabambe yangu, simu yangu ndogo ya vitufe, ikatetemeka ndani ya sweta, palepale mbavuni palipokuwa na betri, nikaruka kwa hofu. Nikaitoa. Ilikuwa namba yake, na yeye ameketi hapo, bega lake limegusa langu.

*Nimemfuata*, aliandika.

Sikuinua uso. Niliweka kiganja juu ya nanga nione kama imepata joto.